Mbao Badala ya Jiwe: Jinsi ya Kuzuia na Kusawazisha Trela Kwenye Mteremko

Anayesafiri kutoka Mwatate kupanda Wundanyi huona jambo hili mara kwa mara. Gari linalovuta trela linasimama kando ya barabara, utingo anaruka chini na kutafuta jiwe. Akilipata analisukuma nyuma ya gurudumu kwa mguu, dereva anaachilia breki kidogo, trela inarudi nyuma kwa kishindo, na jiwe ama linashika ama linatoka mbio.

Mara nyingi linashika. Siku lisiposhika, trela iliyojaa maji, ndizi au mawe ya ujenzi huteremka yenyewe bila dereva wala usukani, kuelekea popote mlima utakapoipeleka. Chini ya mlima kuna nyumba, shule na watu wanaotembea kwa miguu.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi yeyote mwenye trela anavyoweza kutengeneza vifaa vitatu vya mbao vya kuizuia, kuisawazisha na kuiegemeza. Yanamhusu mkulima mwenye trela ya trekta, mchuuzi wa maji mwenye tangi la magurudumu, mwenye kibanda cha chakula kinachovutwa na gari, na pia anayepokea wageni wanaokuja na trela za kulala karibu na mbuga za Tsavo na Ziwa Jipe. Vifaa vyenyewe hutengenezwa kwa mabaki ya mbao, msumeno, bolti na skrubu. Kazi yote haizidi siku moja.

Kwa nini trela hutoroka

Gari lina breki ya mkono na gia. Trela nyingi ndogo hazina vyote viwili. Ikishafunguliwa kutoka kwenye gari, kinachoizuia ni kile tu kilichowekwa kwenye magurudumu.

Tuchukue mfano wa tangi la maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 2,000 likijaa hubeba tani mbili za maji, mbali na uzito wa chuma. Egesha tangi hilo kwenye mteremko unaopanda mita moja kwa kila mita kumi. Kwa macho mteremko huo si mkali, na barabara zetu nyingi za milimani zimeupita. Lakini maji peke yake yatakuwa yanaivuta trela kuteremka kwa nguvu sawa na uzito wa takriban kilo 200. Hakuna mtu anayeweza kuuzuia mvuto huo kwa mikono, hata wakiwa wawili wenye nguvu.

Jambo la pili ni mizani. Trela ya ekseli moja hukaa kama ubao wa bembea: ekseli iko katikati, mbele kuna mkono wa kuvutia, nyuma kuna mzigo. Ikiinama kuelekea nyuma, maji ndani ya tangi hukimbilia nyuma. Kwenye kibanda, watu wawili wakipanda kupitia mlango wa nyuma, uzito huhamia huko. Mkono wa mbele unaweza kunyanyuka ghafla na kumpiga aliye karibu, na magurudumu yakasogea kutoka mahali yalipozuiwa. Ndiyo sababu kuzuia magurudumu peke yake hakutoshi. Trela inahitaji pia kusawazishwa na kuegemezwa mbele na nyuma.

Kwa nini mbao

Jiwe lina kasoro tatu. Kwanza, halina umbo la gurudumu. Linagusa tairi mahali padogo, na kwa kuwa chini yake ni mviringo, hubingirika pamoja na tairi. Pili, likiwa chini ya uzito hupasuka bila dalili. Tofali la simiti lenye matundu ni baya zaidi: linaweza kubeba trela asubuhi yote kisha likavunjika mara moja mtu anapopanda. Tatu, jiwe huachwa barabarani. Tutalirudia hilo.

Mbao ngumu na kavu hufanya kazi kwa namna nyingine. Ikizidiwa, kwanza hubonyea, kisha hulia na kuonyesha nyufa. Sauti hiyo humpa mtu nafasi ya kuondoka. Hata waokoaji wanaofanya kazi kwenye majengo yaliyoporomoka huegemeza kuta na zege kwa vipande vya mbao, kwa sababu hiyo hiyo. Mbao pia huuma udongo na lami kuliko chuma, haiharibu tairi, na hukatwa kwa umbo unalolitaka.

Kuchagua mbao

Si kila mbao inafaa. Zingatia haya:

Iwe kavu. Mbao mbichi hunyauka, hupinda, na skrubu hulegea.

Iwe ngumu. Mkaratusi uliokauka vizuri unafaa kwa vipande vya kubeba uzito. Kwa wakazi wa maeneo ya tambarare, mvinje na mwarobaini pia ni imara. Saipresi ni laini kiasi, lakini mbao nene za saipresi zisizo na mafundo zinatosha kwa trela nyepesi.

Isiwe na ufa, fundo kubwa wala matundu ya wadudu. Piga kipande kwa nyundo: kikilia kwa sauti kavu ni kizima, kikitoa sauti ya kufa huenda kimeoza ndani.

Usitumie mbao za kubandikwa, kama plaiwudi nyembamba au mbao za vumbi. Zikilowa hutengana tabaka kwa tabaka.

Kifaa cha kwanza: kabari ya kuzuia gurudumu

Kabari ndiyo inayochukua nafasi ya jiwe. Unahitaji nne kwa trela moja: mbili kwa kila gurudumu, moja mbele na moja nyuma.

Chukua mbao ya inchi 6 kwa 2. Kata vipande vitatu vya urefu wa sentimita 30. Kila kipande kikiwa kimesimama kwa upana wake, kitakuwa na kimo cha sentimita 15. Ncha moja ikate kwa mshazari wa nyuzi 45, ili mkato uanze chini na kuishia juu sentimita 15 kutoka ncha. Huo ndio uso utakaokumbatia tairi. Nyuma yake kunabaki sentimita 15 za mbao nzima.

Panga vipande vyote vitatu ubavu kwa ubavu, kisha vifunge kwa bolti mbili zinazopenya vyote. Utapata kabari yenye upana wa takriban sentimita 15, inayotosha tairi la pikapu na trela ndogo. Kwa tairi kubwa la trela ya trekta, tumia mbao ya inchi 8 kwa 2 ili kimo kifike sentimita 20, na urefu wa chini usipungue sentimita 40.

Msumeno ufuate kanuni moja: nyuzi za mbao ziende kwa urefu wa kabari, sambamba na ardhi. Zikisimama kutoka chini kwenda juu, ncha nyembamba ya mbele itameguka kama biskuti.

Kuna nyongeza mbili za maana. Chini ya kabari pigilia kipande cha mpira wa tairi kuukuu, vichwa vya misumari vikizama ndani ya mpira. Mpira huo huzuia kabari isiteleze kwenye lami au sakafu ya simiti. Kisha toboa tundu nyuma ya kabari na ufunge kamba ya mita moja. Utaiondoa kabari kwa kuvuta kamba, vidole vikiwa mbali na gurudumu.

Kifaa cha pili: ngazi ya kusawazisha

Ardhi ikiinama upande mmoja, gurudumu la upande wa chini huhitaji kuinuliwa. Hapa ndipo wengi hupanga mawe bapa au kuchimba shimo chini ya gurudumu la juu. Ngazi ya mbao ni rahisi na salama zaidi.

Tumia mbao za inchi 8 kwa 2. Kata tatu: ya kwanza sentimita 100, ya pili 75, ya tatu 50. Zipange moja juu ya nyingine, ncha zote za mbele zikiwa sawa na ncha za nyuma zikiachana kwa sentimita 25. Utaona ngazi yenye vidato vitatu: cha sentimita 5, cha sentimita 10 na cha sentimita 15. Ncha za nyuma zikate kwa mshazari ili tairi lipande bila kugonga. Kwenye ncha ya mbele, juu kabisa, funga kipande kidogo cha mbao kukingama ili gurudumu lisipitilize na kuanguka upande wa pili.

Funga mbao hizo kwa skrubu ndefu, si misumari. Msumari hulegea kila gurudumu linapopanda na kushuka, na kichwa chake kikitokeza hutoboa tairi. Vichwa vya skrubu vizamishwe ndani ya mbao.

Trela ya ekseli moja inahitaji ngazi moja. Trela ya ekseli mbili inahitaji ngazi mbili, kwa sababu magurudumu yote mawili ya upande mmoja lazima yainuliwe kwa kimo kilekile. Ukiinua moja tu, uzito wote wa upande huo utalala kwenye tairi moja na ekseli moja.

Kujua unahitaji kidato kipi ni hesabu fupi. Laza ubao ulionyooka wa urefu wa mita moja kwenye ardhi, kutoka upande wa juu kuelekea wa chini, mahali trela itakaposimama. Weka pimamaji juu yake. Inua ncha ya chini mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima pengo kati ya ncha hiyo na ardhi. Pengo likiwa sentimita 6, na umbali kati ya magurudumu mawili ya trela ukiwa mita moja na nusu, zidisha 6 kwa moja na nusu. Utapata sentimita 9, kwa hiyo kidato cha pili kinatosha. Hesabu ikizidi sentimita 15, mahali hapo pameinama mno. Tafuta pengine, usiongeze mbao.

Asiye na pimamaji anaweza kutumia chupa ya plastiki isiyo na rangi. Ijaze maji nusu, ifunge, ilaze juu ya ubao. Maji yakikaa kwa kimo kimoja kutoka kizibo hadi kitako, ubao uko sawa.

Kifaa cha tatu: vipande vya kuegemeza

Hivi huwekwa chini ya mkono wa mbele na chini ya fremu nyuma ya trela, ili isibembee. Kata vipande vya inchi 4 kwa 4, vyenye urefu wa sentimita 45, angalau kumi.

Vipange kwa kupishanisha: viwili vikielekea kaskazini na kusini, viwili juu yake vikielekea mashariki na magharibi, na kuendelea hivyo. Uzito hupita kwenye pembe nne ambapo mbao zinakutana. Rundo hilo lisizidi kimo cha sentimita 45, yaani lisiwe refu kuliko urefu wa vipande vyenyewe. Chini kabisa, kama udongo ni laini au ni mchanga, laza ubao mpana ili rundo lisizame.

Usisimamishe kipande kimoja kama nguzo. Kitabeba uzito wa kwenda chini, lakini trela ikisogea kidogo tu kitaanguka.

Fremu ndiyo huegemezwa, si sakafu ya trela wala tangi lenyewe. Na kumbuka kwamba vipande hivi, pamoja na miguu ya chuma iliyoundwa na trela, kazi yake ni kuituliza. Uzito wa trela unapaswa kubaki kwenye magurudumu.

Utaratibu wa kuegesha

Ajali nyingi za trela zinaweza kuzuiwa kwa kufuata mpangilio. Fuata hatua hizi bila kuruka yoyote.

1. Chagua mahali palipo karibu na tambarare kadiri iwezekanavyo, mbali na ukingo wa barabara na mtaro. Waondoe watoto na watazamaji, hasa upande wa chini wa mteremko.

2. Pima mwinamo wa upande kwa upande. Trela ikiwa bado imefungwa kwenye gari, weka ngazi kwenye njia ya gurudumu la upande wa chini.

3. Dereva aende polepole mpaka gurudumu lipande kidato kinachotakiwa. Mtu mmoja tu amwongoze, akisimama ubavuni mahali dereva anapomwona. Asisimame mtu yeyote nyuma ya trela.

4. Vuta breki ya mkono ya gari. Weka kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu, ukizisukuma zikaze kwenye tairi. Zile za upande wa chini wa mteremko ndizo zinazobeba kazi, zikague mara mbili.

5. Kabla ya kufungua trela, dereva aachilie breki taratibu ili trela ilale kwenye kabari. Ikisogea zaidi ya upana wa kidole, irudishe na upange upya. Hatua hii huchukua nusu dakika. Ndiyo inayoonyesha kama kabari zinashika wakati gari bado linaishikilia trela.

6. Trela ikitulia, ifungue kutoka kwenye gari. Simama ubavuni mwa mkono wa kuvutia, si mbele yake.

7. Sasa sawazisha mbele na nyuma kwa kupandisha au kushusha gurudumu dogo la mbele. Liweke juu ya ubao kama ardhi ni laini.

8. Weka vipande vya kuegemeza, kwanza nyuma, kisha mbele.

9. Pima tena kwa pimamaji. Baada ya saa moja ya kazi, au mvua ikinyesha, kagua kabari na vipande vyote upya, kwa kuwa udongo uliolowa hukaa chini.

Wakati wa kuondoka, rudia kinyume: ondoa vipande vya mbele na nyuma, funga trela kwenye gari, vuta breki ya gari, na mwisho kabisa vuta kabari kwa kamba. Anayeondoa kabari kabla ya kufunga trela anaiachia trela mlima.

Jeki si egemeo

Wakazi wanakumbushwa kwamba jeki ni kifaa cha kuinua tu. Mafuta yake yakivuja au kitako chake kikiteleza, hushuka papo hapo. Usiingie chini ya trela wala kuingiza mkono chini ya fremu inayoshikiliwa na jeki peke yake. Inua, weka rundo la mbao zilizopishanishwa, shusha trela mpaka iguse mbao, ndipo ufanye kazi. Ukibadilisha gurudumu, zuia kwanza yale yanayobaki chini kwa kabari.

Pia, ngazi ya kusawazisha haikutengenezwa kwa ajili ya mtu kuingia chini ya trela kufanya ufundi. Ni ya kuegeshea tu.

Usiache kitu barabarani

Gari likiharibika mlimani, weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma, kwa umbali utakaompa dereva anayekuja nafasi ya kupunguza mwendo, hasa kwenye kona. Zuia magurudumu kwa kabari. Ukimaliza, hesabu kabari zako kabla ya kuondoka.

Mawe yanayoachwa katikati ya barabara ni mtego kwa mwendesha bodaboda anayepita usiku. Dereva aliyeyaweka huwa ameshafika kwake, na hajui kilichotokea nyuma yake. Kabari za mbao zina faida hapa pia: ni zako, umezigharimia, na una sababu ya kurudi nazo nyumbani. Ukikuta mawe yameachwa barabarani, na ni salama kufanya hivyo, yaondoe. Kukitokea ajali, piga 999 au 112.

Utunzaji

Paka pande za kabari na ngazi rangi ya njano au nyeupe ili zionekane gizani na zisisahauliwe. Nyuso zinazogusa tairi na ardhi ziache bila rangi, kwa sababu rangi huteleza. Usipake mafuta machafu ya injini. Wengi hufanya hivyo kuzuia mchwa, lakini mafuta hulainisha mpira wa tairi, huchafua udongo, na kabari yenye mafuta haishiki. Badala yake, zihifadhi juu ya rafu au zining'inize kwa kamba zake, mahali pakavu.

Kila mwezi zikague. Kabari yenye ufa unaopita kutoka upande mmoja hadi mwingine haitengenezwi. Ichome kuni, utengeneze nyingine.

Ambaye hana msumeno au bolti anaweza kumpelekea seremala vipimo vilivyo katika ukurasa huu, au kuuliza katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu naye, ambako vijana hujifunza kazi ya useremala. Mabaki ya mbao kwenye karakana nyingi huishia jikoni. Vipande kumi na viwili vya futi moja vinatosha kuunda kabari nne, na kabari nne zinatosha kuizuia trela mahali ulipoiacha mpaka utakapoirudia.